Amwani, Si Mwani

"Natafuta mtu wa Pangani." Maneno hayo yalinikuta stoo, nyuma ya duka langu hapa Bukoba, nimeinamia gunia. Ilikuwa mwaka jana, kahawa ziko juani. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, Kiswahili cha Unguja, kile kisicho na haraka. Mkwe wangu Editha, ambaye ndiye anakaa kaunta, alimjibu kwa heshima kwamba amepotea. "Shikamoo mama. Hapa hakuna mtu wa Pangani. Hapa ni Wahaya watupu, na Msukuma mmoja anauza viatu pale kwenye kona." Yule mama akasema, "Huyu ninayemtaka mimi ni mwongo. Atakuwepo tu." Nikaliweka gunia chini. Duniani kuna mtu mmoja tu mwenye haki ya kuniita mwongo dukani kwangu nikanyamaza, na huyo nilidhani sitamwona tena. Nilitoka na vumbi langu mikononi. Alikuwa Moza, amezeeka, amekuwa mfupi, ameshika fimbo, lakini macho ni yale yale ya kukuuliza umemwagilia au hujamwagilia. Editha alitutazama, akatafuta kiti.

Habari za baba yangu na babu yangu sitaziandika, hazihusiki hapa. Shule niliishia darasa la nne, na ninayoyajua mengine nimejifunza kwa mikono. Leo amwani zangu zinauzwa stendi ya Bukoba, Muleba, hadi Mwanza kwenye meli, na kila pakiti ina jina la Kagoma, kijiji chetu cha Muleba. Kwa asiyejua, amwani ni kahawa ya kutafuna. Inachumwa bado ngumu, inachemshwa na majani yenye harufu, inaanikwa juani, inapata moshi kidogo. Unaiweka mdomoni nzima nzima na ganda lake, unaimumunya. Wengine wana peremende, sisi tuna hiyo. Vijana wa siku hizi wananiambia mzee, peremende lazima iwe tamu. Nawaambia utamu wa sukari unaisha ukimeza. Amwani inaanza chungu, halafu dakika kumi baadaye mate yako yenyewe yanakuwa matamu. Haya yote nilijifunza kuyathamini mwaka mmoja tu, nilipokuwa Salalah, kule Omani kusini, nina miaka ishirini na saba na nimejaa kiburi ambacho hadi leo hakijaisha, kimebadilisha kazi tu.

Nilifika kule kwa uongo. Dalali wa kazi, Dar es Salaam, alinitazama viatu kwanza, kisha akasema, "Kuna mama mjane Salalah ana shamba la minazi na migomba. Anataka mtu wa mwambao. Ukimwambia Muleba atauliza Muleba ni ugonjwa gani. Sema Pangani." Nikasema Pangani. Mji wenyewe nilikuwa sijauona hata kwenye kalenda. Lakini nilikuwa nimeaga Kagoma kwa maneno makubwa, mbele ya watu, kanisani baada ya misa, kwamba sitarudi mpaka niwe mtu. Kurudi baada ya wiki mbili ilikuwa haiwezekani. Ningeambiwa niseme nimezaliwa mwezini ningesema.

Salalah ilinishangaza. Nilitegemea mchanga, nikakuta migomba. Kwa miezi mitatu manyunyu yanashuka kama ukungu wa Kagoma asubuhi, milima inakuwa kijani, na mgomba umesimama pale pale unakutazama kama jirani. Tofauti yake ni kwamba kule hawajui kupika ndizi mbichi. Wanasubiri iive, wanaila kama tunda, basi. Chumba changu kilikuwa kando ya pampu ya maji, kinanuka dizeli, kina kitanda cha chuma na dirisha dogo linalotazama jikoni. Kwa hiyo kila kilichosemwa jikoni nilikisikia, nitake nisitake. Chakula sikilalamikii. Wali kila siku mchana, samaki papa mkavu, mkate wa moto, tende, na baada ya chakula bakuli la halua inang'aa kama grisi. Moza, ndiye yule mama mjane mwenye shamba, alinijazia kisahani. "Kula, Deo, hii halua ya nyumbani." Nyumbani kwake. Mimi ilinishika meno, ikateleza, ikaniacha na kiu. Nikamaliza chakula, nikaenda chumbani, nikafungua kifurushi alichonipa mama, kimefungwa kwa magamba makavu ya mgomba na kamba ya mgomba, nikaweka amwani moja mdomoni, nikalala chali. Mwanzoni nilikula tano kwa siku. Baadaye moja kwa siku. Baadaye moja kwa wiki, Jumapili.

Mnazi ndio ulioanza kunichongea. Siku ya pili tu Moza alisimama chini ya mnazi mrefu akanionyesha kwa kidole. "Panda utuangushie madafu." Mimi, mtoto wa migomba, nilitazama juu nikaona kizunguzungu. Nikasema nina goti bovu. Moza akasema, "Sijapata kuona mtu wa Pangani anayeuogopa mnazi." Nikasema siogopi, ni goti. Siku nyingine akaniuliza kama mto Pangani bado una mamba. Nikasema wapo, wengi, wamenenepa. Lakini kwenye migomba alikuwa hana la kusema. Nilipunguza machipukizi, nikaacha mama, mtoto na mjukuu kwenye kila shina kama inavyotakiwa, nikaondoa majani makavu, nikatandaza nyasi chini. Baada ya miezi minne mikungu ilikuwa inagusa chini. Jirani mmoja alikuja kutazama, akaniuliza nimesomea wapi kilimo. Nikatamani sana kumwambia.

Ndani, chumba cha mwisho, alikuwapo mama yake Moza, Bi Zuwena. Habari zake nilizipata vipande vipande kupitia dirisha langu dogo. Alizaliwa Bukoba. Baba yake Mwarabu wa duka, mama yake Mhaya. Akaolewa Unguja akiwa msichana, Moza akazaliwa Unguja, na baadaye wote wakaja Omani. Nilipofika alikuwa amelala kitandani mwaka wa pili. Kiarabu kilikuwa kimemtoka kwanza, halafu Kiswahili kikaanza kumtoka pia, kama mtu anayevua nguo moja moja. Kilichobaki ndani kabisa kilikuwa Kihaya, lugha ya mama yake, na katika nyumba ile hakuna aliyekijua. Isipokuwa mtu wa Pangani. Siku yangu ya kwanza pale, nikipitisha ndoo mlangoni kwake, nilimsikia akisema, polepole, kwa Kihaya safi cha zamani: nipeni amwani. Ndoo nusura initoke mkononi. Nikaenda zangu.

Moza alisikia alichoweza kusikia. Jikoni alimwambia mpishi, "Mama anataka mwani." Yeye amekulia Unguja, mwani kwake ni yale majani ya baharini. Akafurahi hata, akadhani mama yake amekumbuka pwani ya ujanani. Baada ya manyunyu bahari ya Salalah inatupa mwani mwingi ufukweni, kwa hiyo mimi ndiye niliyetumwa. Mimi mwenyewe. Nilikwenda na kapu, nikaokota mwani, nikauosha chumvi, nikauleta, huku najua moja kwa moja kwamba naokota upuuzi. Moza aliuchemsha ukawa uji mzito, akatia sukari na iliki, akampelekea. Bi Zuwena alionja, akatema. Kesho yake akaomba tena amwani, akapewa tena mwani, akatema tena. Siku nyingine Moza aliukausha akausaga. Siku nyingine aliukaanga. Nilisikia akimwambia mpishi, "Labda ni mwani mwekundu anautaka, siyo huu," na mpishi akajibu, "Bibi kachoka tu, hajui anachotaka." Bibi alijua vizuri anachotaka. Wiki hiyo aliacha kula. Wali akageuzia uso ukutani, maziwa akageuzia uso ukutani.

Sitajitetea. Nilijua na nikanyamaza. Kila jioni nilijiambia nikifungua mdomo nitaulizwa nimejuaje, na nikieleza nimejuaje nitapakiwa kwenye ndege, na Kagoma watanipokea kwa kicheko. Pia nilikuwa nimebakiwa na amwani tatu kwenye kifurushi. Hilo nalo niliseme, kwa kuwa naandika kweli. Nilikuwa na uchoyo nazo.

Ilikuwa saa kumi alasiri, siku ya nane bibi hajala. Nilikuwa chumbani kwake, nimepanda kistuli narekebisha komeo la dirisha. Moza amekaa ukingoni mwa kitanda na bakuli lake la mwani, anabembeleza. "Mama, onja kidogo tu. Kijiko kimoja, mama yangu." Chumba kilikuwa kizuri, kitanda cha Unguja chenye vioo vya rangi, kabati, na dirisha linalotazama migomba yangu. Bi Zuwena aliniona juu ya kistuli. Akainua kidole. "Iwe mwana," akaita. Wewe mtoto.

Kwetu mkubwa wako akikuita huitiki naam, wala abee. Unaitika waitu. Nimeitika hivyo tangu nijue kusimama, na mdomo wangu haukuniuliza. "Waitu," nikasema.

Moza akaweka kijiko kwenye bakuli. "Umesema nini?"

"Nimesema naam."

"Hukusema naam."

Lakini bibi alikuwa amekwisha kuanza. Sauti ilimtoka kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia kwake. Aliniuliza mimi ni mwana wa nani, kilima gani, ukoo gani. Aliuliza kama kahawa zimeanza kuwa nyekundu. Aliuliza kwa nini watu wa nyumba hii wanamlisha majani ya ng'ombe. Nilimtazama Moza, nikamtazama bibi. Ningeweza kushuka, nikatoka, nikasema mama amechanganyikiwa. Nafasi hiyo ilikuwepo, ya ukubwa wa kupitisha mtu. Nikashuka kwenye kistuli, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, nikamjibu yote kwa Kihaya, moja baada ya jingine, na alipofika kwenye majani ya ng'ombe nikashindwa kuzuia kicheko, naye akacheka.

"Pangani wanasema lugha hii?" Moza aliuliza.

"Hapana. Mimi ni Mhaya wa Kagoma, Muleba. Pangani sijafika."

"Na mamba?"

"Sijui kama wapo."

"Mama anasema nini?"

"Anataka amwani. Siyo mwani. Amwani ni kahawa, ya kutafuna. Kwetu ndiyo mgeni anapewa, ndiyo mtoto anaiba."

Moza aliliweka bakuli chini. Nilijiandaa kwa matusi ya uongo wa Pangani. Uongo huo hakuugusa. Aliuliza kitu kimoja, kwa sauti ya chini. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Nimekutuma baharini na kapu."

"Ndiyo."

"Mama yangu hajala siku nane." Akasimama. "Kafunge mizigo. Kesho hutalala hapa."

Nikaenda kufunga mizigo. Haikuwa mingi. Kifurushi cha mama kilikuwa juu, na nikakaa nacho kitandani mkononi. Mwanaume unaweza kurudishwa kwenu ukiwa na amwani tatu mfukoni na bado ukajiona umedhulumiwa. Nilikaa kama dakika tano nikijiona hivyo. Kisha nikarudi chumba cha mwisho, sikubisha hodi, nikapiga magoti, nikamfungulia bibi kifurushi chote kwenye kiganja.

Alikinusa kwanza. Alifunga macho akakinusa kile kigamba cha mgomba kikavu, siyo kahawa zenyewe. Ndipo akachukua moja, akaiweka kwenye meno yake machache ya mbele, akaipasua taratibu. Ndani ya tunda moja la kahawa kuna punje mbili, zimelala kifua kwa kifua. Alizitoa zote mbili kwenye kiganja. Moja akaitia mdomoni. Nyingine akaninyooshea mimi.

Msomaji wa kwetu ameshaelewa. Asiyekuwa wa kwetu nitamwambia baadaye, kwa kuwa hata Moza hakuambiwa siku hiyo. Mikono yangu ilitetemeka. Niliipokea kwa mikono miwili, nikaila. Wazee wangesema mwanamke hafanyi jambo lile, na mgonjwa asiyejua siku wala mwezi halifanyi. Wazee hawakuwepo Salalah. Mimi nilimwona machoni, na alijua anafanya nini. Alimumunya punje yake mpaka ikaisha, akafuta midomo, akamwambia binti yake kwa Kiswahili, cha kwanza baada ya wiki nyingi, "Niletee uji." Moza alikimbia jikoni akasahau viatu.

Asubuhi nilimkuta Moza amesimama uani. "Umefunga mizigo?"

"Nimefunga."

"Basi ifungue. Uende sokoni ukatafute hizo kahawa zenu. Zilizobaki ni mbili, nimezihesabu."

Nilitafuta siku tatu. Kahawa Salalah haina shida, imejaa kila duka, lakini imekaangwa, au imemenywa, au imesagwa na iliki. Nilionyesha kwa mikono kwamba naitaka na ngozi yake. Wenye maduka walinipa kila kitu isipokuwa hicho, mmoja akanipa ubani. Siku ya tatu, nyuma ya soko, palikuwa na mzee wa Kiyemeni anauza tangawizi kavu, na miguuni pake gunia limekunjwa mdomo. Wao huko huchemsha maganda ya kahawa na tangawizi wakanywa. Gunia lile lilikuwa na kahawa nzima, kavu, na maganda yake. Nilitumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nilitia moja mdomoni bila kuomba ruhusa. Mzee alipayuka kwa Kiarabu, akaita watu, na mimi nilisimama pale nimefumba macho kama mtu aliyeko kanisani, nangoja. Ikaanza chungu. Nikangoja. Haikuwa yenyewe, ilikuwa nyepesi kuliko yetu, haijaonja moshi. Lakini ilikuwa ndugu yake kabisa, wa damu moja, na mate yakaja. Yule mzee aliniona usoni akaacha kupayuka. Akanisogezea kiti.

Kupika nilikuwa sijui. Kwetu hiyo ilikuwa kazi ya mama na majirani zake, sisi wavulana tulikuwa tunaiba tu zikishaanikwa. Lakini nilikuwa nimekaa karibu na jiko lile miaka mingi na masikio yangu yalikuwa yakifanya kazi bila mimi. Sufuria la kwanza zilipasuka zote, na nikiwa nimesimama mbele ya fujo ile nikamsikia mama akimgombeza jirani yake: ukiona povu jeupe, toa kuni, unataka kuzipika au unataka kuziua? La pili nikatoa kuni povu lilipokuja. Nikatia mchaichai wa bustani ya Moza, nikazianika juu ya bati, nikazipa moshi wa makumbi ya nazi. Hapo minazi ikanifaa. Nikampelekea bibi kwenye kisahani cha halua. Akatafuna, akafikiri.

"Zimechumwa zimeiva," akasema kwa Kihaya. "Aliyechuma ni mvivu."

"Zimetoka Yemen, waitu."

"Na mchaichai umezidi. Nani amekufundisha?"

"Hakuna, waitu."

"Inaonekana. Lete nyingine."

Alikuwa mwalimu mkali kuliko yeyote niliyempata katika madarasa yangu manne. Sufuria la tano alisema zinafaa kumpa mgeni asiye muhimu. La tisa aliziweka chini ya mto. Nilikaa naye kila alasiri nikimaliza shamba, ananieleza Bukoba ya utoto wake, barabara ya duka la baba yake, mvua inavyopiga bati, na mimi namweleza Moza kwa Kiswahili. Moza aliniambia siku moja kwamba ndiyo mara ya kwanza anamjua mama yake. Bibi alikula uji, alikula samaki, na nilimpikia ndizi mbichi kutoka migomba yangu. Aliishi miezi minane mingine. Alifariki asubuhi moja ya manyunyu, na chini ya mto tulikuta amwani saba, amezipanga mstari.

Moza aliniomba nibaki. Nilikataa. Mtu aliyetoka kwao kwa kujiita wa kwingine ana kazi ya kufanya kwao. Nilirudi Kagoma sijawa mtu kwa kipimo nilichotangaza kanisani, na walinicheka, kweli, kama miezi miwili. Halafu walianza kuagiza amwani.

Mwaka jana, basi, nilimtembeza Moza siku nzima. Tulikwenda barabara ya duka la babu yake, sasa wanauza simu. Akaugusa ukuta, akasema haya, nimefika. Jioni mimi na Editha tukampeleka nyumbani kwangu Kagondo, hapa hapa Bukoba, nikampa kiti kizuri na kikapu cha amwani. Akachukua moja, akamumunya, akakunja uso. "Miaka yote hii. Na hii ndiyo peremende?"

"Subiri."

Akasubiri. Uso ukalegea taratibu. Halafu akaniuliza jambo ambalo nadhani ndilo lililomleta. "Ile siku mama alipokupasulia ile kahawa, kwa nini mikono ilikutetemeka?"

Nikamwambia. Kwetu, watu wawili wakila punje mbili za tunda moja, wamekuwa ndugu wa damu, kama waliozaliwa tumbo moja. Ndugu wa namna hiyo hafukuzwi nyumbani, na watoto wa mmoja ni watoto wa mwingine. Mama yake alisikia nikiambiwa nifunge mizigo. Alijua njia moja tu ya kuizuia, akaitumia.

Moza alihesabu kwa vidole, maana mimi ni mdogo kwake kwa miaka kumi na mmoja. "Kwa hiyo wewe ni ndugu yake mama."

"Ndiyo."

"Wewe ni mjomba wangu."

"Tangu alasiri ile."

"Na mimi nilikuwa nakutuma ukanunue samaki."

"Kila Alhamisi. Na mwani."

Alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akaacha, akajitanda vizuri mtandio wake, akainuka polepole, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, akasimama mbele yangu. "Shikamoo, mjomba," akasema. "Jiko liko wapi nikutilie chai?" Editha aliruka kutoka kwenye kiti kumzuia mgeni. Nikamwambia Editha akae. Nilimwonyesha Moza jiko kwa kidole, kama alivyonionyesha mnazi, nikakaa vizuri kwenye kiti changu, nikangoja chai yangu.